Neno la Mhariri: Mikono Miwili Juu ya Kichwa cha Mbuzi

Asubuhi ya siku ya soko, kwenye barabara ya Sake kuja Goma, hukosi kuona chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, imebeba mbuzi. Amefungwa miguu yote minne, amelazwa juu ya gunia la makaa, na kila gurudumu la mti linaporuka jiwe la volkano kichwa chake kinagonga gunia. Halii sana. Macho yake ya manjano yanatazama wapita njia kana kwamba safari ile haimhusu. Nimemwona miaka mingi. Tangu tuamue kwamba toleo hili lizungumzie watu wanaobebeshwa makosa ya wengine, siwezi tena kumpita bila kusimama.

Mtu wa namna hiyo, kwa Kifaransa cha ofisini kwetu, huitwa bouc émissaire. Kwa Kiswahili tunasema mbuzi wa kafara. Jina hili la Kiswahili lina kosa dogo, na hoja yangu yote imo ndani ya kosa hilo.

Mambo ya Walawi, sura ya 16, ina mbuzi wawili, si mmoja. Siku ya Upatanisho Haruni aliwasimamisha mlangoni pa hema, akawapigia kura. Mmoja akawa wa Bwana: huyo huchinjwa, na damu yake hupelekwa ndani kabisa, patakatifu. Yeye ndiye hasa wa kafara, neno lililotufikia kutoka Kiarabu na ambalo lina ndugu yake katika Kiebrania, kwenye jina lenyewe la Siku ya Upatanisho. Wa pili ni wa Azazeli, na huyu hachinjwi. Kuhani humwekea kichwani mikono yake yote miwili, huungama juu yake maovu yote ya Waisraeli, kisha mtu aliyewekwa tayari humpeleka nyikani na kumwachia. Azazeli ni nani au ni nini, wataalamu wameshindana karne nyingi: wapo wasemao ni pepo wa jangwani, wapo wasemao ni jabali. Wafasiri wa Kigiriki, na Jerome aliyefasiri kwa Kilatini, walielewa kwamba ni mbuzi anayepelekwa mbali, na hapo ndipo Kifaransa kilipopata neno lake. Biblia yetu ya Kiswahili ililiacha jina kama lilivyo, na naona ilifanya vyema.

Tazama mpangilio wa tendo lile. Kabla mbuzi hajaondoka, watu wanaungama, na wanachoungama si kosa la mbuzi. Kambi nzima hakuna anayedhani kwamba mnyama yule ameiba au amesema uongo. Kura ndiyo iliyomchagua, kwa hiyo hakuna awezaye kudai kwamba alistahili. Makosa ni ya walioyatenda, yametajwa hadharani, naye anayabeba akiwa hana lolote. Hata yule aliyemwongoza lazima afue nguo zake na kuoga ndipo arudi kambini.

Baadaye mambo yalibadilika. Mishna, mkusanyiko wa sheria za marabi, katika sehemu iitwayo Yoma, inaeleza jinsi ilivyokuwa siku za Hekalu kule Yerusalemu: uzi mwekundu wa sufu umefungwa kwenye pembe za mbuzi, watu wanamvuta manyoya wakimhimiza aichukue dhambi aondoke nayo, na mwisho wa safari anasukumwa kinyumenyume kutoka jabalini, anavunjikavunjika kabla hajafika nusu ya mteremko. Torati ilisema aachiwe. Watu wakaona kumwachia hakutoshi. Ukimvuta manyoya mnyama ambaye hajakukosea, tayari umeanza kumchukia.

Desturi hii si ya Wayahudi peke yao. Athens ya kale ilikuwa na watu waliofukuzwa mjini wakati wa sikukuu ya Thargelia ili wautakase mji. Lamu walimzungusha ng'ombe mji mzima kabla ya kumchinja. Mfaransa René Girard, katika kitabu alichokitoa mwaka 1982, aliona jambo ambalo nalishika kwa nguvu: umati unaoua haujui kwamba umemtwika mtu mzigo wake. Unaamini kabisa kwamba anayeuawa ndiye mwenye kosa. Injili inamwonyesha kuhani mkuu Kaifa akipiga hesabu ya mtu mmoja kufa badala ya taifa zima, na haikubaliani na hesabu hiyo. Kurani nayo, katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 112, inahukumu kwamba atendaye dhambi kisha akamsingizia asiye na hatia amejitwika dhuluma na dhambi iliyo wazi.

Twende sasa Walikale, hapa kwetu Kivu Kaskazini. Tarehe 20 Machi 1993, watu wenye silaha walivamia soko la Ntoto, wakawaua Wanyarwanda waliokuwa pale. Moto ukapanda hadi Masisi, kisasi kikajibu kisasi, vijiji vya Wahunde na vya Wanyarwanda vikaungua kwa zamu, na waliokufa walihesabiwa kwa maelfu.

Waliouawa sokoni walibeba makosa ya nani? Utawala wa Kibelgiji, kuanzia mwaka 1937, ulihamishia Masisi familia nyingi kutoka Rwanda kwa faida ya mashamba yake. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia wa Zaire, na sheria ya mwaka 1981 ikawanyang'anya, kwa kudai asili ya mtu ithibitishwe hadi mwaka 1885. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iliifungulia njia mikono ya wakubwa, na vilima vya wakulima vikawa malisho ya ng'ombe wa watu walio karibu na serikali. Ndizo dhambi zilizopaswa kuungamwa. Hakuna hata mmoja wa waliozitenda aliyekuwa sokoni Ntoto. Waliokuwepo walikuja kuuza na kununua.

Tangu hapo mbuzi amebadilishwa mara nyingi. Novemba 2023, hapa Goma, umati ulimuua mwanajeshi wa jeshi la taifa lenyewe, kwa sababu sura yake ilionekana ya Kitutsi. Julai 2025, katika vijiji vya Rutshuru, wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliwaua wakulima, wengi wao Wahutu, wakiwa mashambani mwao. Kivu Kusini, mwaka 2021, wanawake kadhaa, wengine wazee, waliuawa kwa tuhuma za uchawi.

Najua nitaulizwa: je, hakuna wauaji wa kweli? Wapo. Muuaji ana jina, ana tarehe, ana mashahidi, na mahali pake ni mahakamani. Pale jina la mtu linapoondolewa na la kabila likawekwa badala yake, hapo tumeshamfunga mbuzi uzi mwekundu.

Na Rubaya, kule Masisi? Mlima ule wa migodi hutoa sehemu ya koltani ya dunia inayokadiriwa kufikia asilimia 15. M23 waliukamata Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaeleza kwamba kodi ya biashara ile iliwaingizia takriban dola 800,000 kwa mwezi. Mwishoni mwa Januari 2026, katikati ya mvua, mashimo yaliporomoka na kuua zaidi ya watu 200, wachimbaji pamoja na watoto na akina mama wa sokoni. Nilisubiri mwenye mamlaka mmoja, wa upande wowote ule, aseme: hili ni langu. Sikumsikia. Nilichosikia mitaani ni kwamba wachimbaji ni wakaidi, wanaonywa hawasikii. Hata waliozikwa chini ya udongo tuliwawekea mikono kichwani.

Makala tulizopokea kwa toleo hili zilikuwa nyingi. Tulizorudisha ni zile zilizoungama dhambi za jirani tu.

Msomaji, kama ulikuwa Ntoto siku ile ya soko, au Masisi miezi iliyofuata, uwe wa upande wowote ule, tuandikie. Tueleze uliyoyaona kwa macho yako na uliyoyafanya kwa mikono yako mwenyewe. Jina lako tutalihifadhi. Kurasa nne za toleo lijalo tumekuachia wazi.