Tunda la kula si mbegu ya kupanda



Maboti yanayovuka ziwa kutoka Tanzania, na yale yanayotoka Uvira na Kalemie, yanatuletea matunda hapa Moba. Ni biashara nzuri. Lakini pale bandarini kuko swali moja hatuliulizi: pamoja na tunda, kitu gani kingine kimeshuka?

Tuangalie mifano miwili. Inzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003. Leo amejaa katika nchi nyingi za Afrika, hata yetu. Anatagia mayai chini ya ganda la embe. Kwa macho embe ni zima, kumbe funza wako ndani. Ukilitupa shambani, wanaingia udongoni na wanatoka wakiwa inzi.

Mfano wa pili ni mnyauko wa migomba. Ulionekana Masisi mwaka 2001, kisha ukafika Kivu Kusini. Majani yanakauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati, na ukizikata, ndani ni rangi ya kutu. Dawa hakuna. Ugonjwa huo unasafiri na panga, wadudu, na zaidi chipukizi zinazoonekana nzima.

Wengine wanasema tukataze matunda ya nje. Sikubali. Maboti yatashusha usiku kwenye pwani zingine, na hakuna atakayeangalia. Wengine wanasema hiyo ni kazi ya Leta. Ni kweli, huduma ya karantini iko, lakini mkaguzi mmoja hawezi kusimama kwenye kila pwani.

Maoni yangu: tupime hatari kila kitu kwa kipimo chake. Tunda safi la kula, hatari yake ni ndogo, lipite. Embe lenye matundu au linalooza lizikwe shimo la nusu metre au zaidi, au lifungwe ndani ya sashe nyeusi na kuachwa juani. Majani ya migomba yanayofunika mizigo yachomwe palepale. Chipukizi kutoka mbali zisiingie shambani bila agronomu kujua shamba zilikotoka. Kila koperative ichague watu wawili wa kuangalia mizigo siku ya soko.

Mgomba ndio chakula na minervali ya watoto. Chipukizi ya bure inaweza kutugharimu shamba nzima.