Mkimbiaji, Umeaga Nyumbani?

Ndugu zangu wakimbiaji wa Tunduma, Septemba 2025 Alphonce Simbu alitutoa machozi. Alishinda marathoni ya dunia kule Tokyo kwa saa 2:09:48, akimtangulia Mjerumani kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde, na kuiletea Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Nafurahi nikiona watu alfajiri, ukungu haujaondoka, wanakimbia kuelekea Mpemba kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia. Lakini nakuuliza wewe mwenye mke na watoto: uliaga?

Kuaga si kusema “natoka” huku mkono uko kwenye komeo. Kilomita 30 kwa mtu wa kawaida ni saa tatu, bado kuoga, kula na kulala kwa uchovu. Jumamosi imekwisha. Kuna mtu aliyekupa saa hizo: yule aliyewasha jiko la mkaa gizani, mtoto mgongoni, anamfunga wa pili kamba za viatu huku uji unafurika, na moyo hautulii kwa sababu ya malori. Nawe unaingia na jasho lako, unauliza maji ya moto yako wapi.

Nimekuwa mtu huyo. Siku moja nilirudi nikitamba na kilomita 25, nikamkuta mwanangu ana homa ya tangu usiku. Mama yake alikuwa amenyamaza ili nisikose mazoezi. Kimya kile kinaniuma mpaka leo.

Mtasema, mbona bingwa wa marathoni wa Kenya, Eliud Kipchoge, alizoea kulala kambini Kaptagat siku za juma, akirudi kwa mkewe na watoto mwisho wa wiki? Kweli. Lakini mbio ndizo shamba lake, ndizo zilizolipa ada. Sisi tuna duka, tuna kahawa Mbozi, tuna kazi za mpakani. Muda unaobaki ni wa watoto, na ndio huohuo tunaouchukua.

Tena kwa nini anayebaki awe mke siku zote? Faith Kipyegon alijifungua binti mwaka 2018, na mwaka 2021 akatwaa tena dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500. Mkeo naye ana mapafu, naye anahitaji hewa ya asubuhi. Kaeni Jumapili jioni mpange wiki: siku zako, siku zake, kliniki ya mtoto, kikao cha wazazi shuleni. Mambo yakigongana, punguza kilomita. Kumi na tano zinatosha.

Kwetu tumekubaliana: Jumatano na Jumamosi ni zangu, Jumanne na Ijumaa ni za mama watoto. Ijumaa iliyopita alitoka na shoga zake wawili kulipoanza kupambazuka. Uji nilikoroga mimi, na watoto walikwenda shule wameshiba.