Mastaa wa "Wikiendi Dar", Mnakula Bata kwa Jasho la Kijana wa Nduguti

Kuna mdada mmoja mjini, jina kapuni, kila ikifika Ijumaa ukurasa wake wa Instagram unageuka ofisi ya utalii. Apatimenti yenye bwawa Masaki, samaki wa kukaanga kisiwani Mbudya, jua linazama Coco Beach, na chini kaandika: "Maisha ndo haya." Kuna na kaka mmoja wa TikTok, naye kapuni, ana vipande vyake vya "siku tatu Dar kwa bajeti". Bajeti yenyewe haitajwi hata siku moja!

Anayeumia hapo si mtoto wa Mikocheni. Anayeumia ni kijana wa Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama kule Singida. Huyu kauza vitunguu au alizeti, kajibana msimu mzima, anataka yeye na mchumba wake waione bahari kwa mara ya kwanza. Hana shemeji Tabata wa kumuuliza. Mshauri wake ni simu, na kwenye simu anayesikika zaidi ni mwenye wafuasi wengi.

Sasa mastaa, semeni ukweli. Ile apatimenti mlilipia? Kama mlilala bure mkarudisha fadhila kwa posti tatu, hakuna ubaya, biashara ni biashara. Ubaya ni kuficha. Tangazo liitwe tangazo. Ukimwambia mtu "hapa ni pazuri, nimepapenda" wakati umelipwa ili upapende, huo si ushauri, ni kumpiga mtu changa la macho.

Halafu kuna huu ugonjwa wa "bei njoo inboksi". Kwa nini inboksi? Duka la Kariakoo lina bei, hoteli ina bei, nyinyi mna siri gani? Na humo inboksi ndimo matapeli wanamoishi. Wanachukua picha zilezile za staa, wanafungua ukurasa unaofanana na wa kweli, wanamwambia kijana alipie nusu ili ashikiwe nafasi. Anatuma hela kwa simu. Anafika getini na begi lake, mlinzi anamwambia hapa hapapangishwi. Ni ukoo mmoja na ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", ila safari hii imevalishwa sura ya mtu maarufu. Kijana akienda kulalamika kwenye komenti za staa, inafutwa na yeye anablokiwa. Kosa lake ni kuharibu mandhari!

Wapo watakaosema aache ushamba, mjini shule. Acheni hizo. Mtu aliyetafuta, akasoma, akalinganisha kabla ya kutoa hela si mshamba. Mshamba ni anayemdanganya mteja halafu anamcheka.

Na tusizisingizie aplikesheni. Zikitumika sawasawa zinamfaa kuliko staa yeyote. Kijana wa Nduguti anashuka Singida mjini, anapanda basi hadi Dodoma, na kuanzia hapo kuna treni ya SGR iliyoanza safari za Dodoma na Dar Julai 2024. Tiketi inakatwa kwenye tovuti ya TRC, jina na kitambulisho vinaingizwa, na bei iko wazi: treni ya kawaida ilianza na nauli ya shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Hakuna cha inboksi hapo.

Akiamua kwenda na basi mpaka mwisho, anashushwa Mbezi, kwenye Kituo cha Magufuli kilichofunguliwa 2021, ingawa makala za zamani mtandaoni bado zinampeleka Ubungo. Akifungua ramani kwenye simu ataona kwamba kutoka Mbezi hadi Masaki ni kulivuka jiji zima. Hilo staa hawezi kulisema, maana hajui stendi ikoje.

Tovuti za kigeni nazo zina mtego wake. Maoni mengi ni ya watalii, bei ni za dola. Makumbusho ya Taifa na visiwa vya hifadhi kama Mbudya na Bongoyo vina kiingilio cha Mtanzania, na ni kidogo kuliko cha mgeni. Ukisoma bei ya Mzungu ukakata tamaa, umejinyima mwenyewe.

Kwa hiyo mdau, usilipe nyumba usiyoiona kwa namba ya mtu binafsi, hata kama picha ina sura unayoipenda. Piga picha hiyo skrinshoti, itafute Google uone imetumika wapi kwingine. Tafuta sehemu ya kulipia ukifika. Ukitumia Airbnb, hela hukaa kwao kwanza, mwenye nyumba halipwi mpaka umeshaingia. Meseji ya kitapeli, itume na namba yake kwenda 15040, ni bure.

Na nyinyi mastaa, mnaombwa vitu vitatu tu: taja bei, sema kama umelipwa, na ukurasa feki ukitumia sura yako, utangaze kwa sauti ileile unayotangazia bwawa. Kama mnaweza kuposti mara tisa kwa siku, hamshindwi kuposti onyo moja. Likes za kijana wa Nduguti ndizo zinazowapa hayo madili. Mkimwacha akalala stendi, siku moja atajua kwamba kidole kilichobonyeza "fuata" kinaweza kubonyeza "acha kufuata".

Wewe je, umewahi kulizwa na picha za staa? Tiririka hapo chini.