Kinoo cha Wembe: Mali Iliyolala Sandukuni

Kinolewacho hupata, walinena wahenga. Lakini kinoo chenyewe nacho kina thamani yake. Tuseme askari mstaafu wa Bwera amefariki, akaacha sanduku la bati. Ndani yake mna wembe wa kukunja, ukanda wa ngozi na kijiwe cha rangi mbili. Mjane anahitaji karo ya watoto. Mchuuzi wa soko la Mpondwe amempa bei ya kipande cha sabuni, na kijana wa nyumbani ataka kunolea panga. Ama kwa huyu, ama kwa yule, huenda mali ikapotea.

Kwanza kijiwe kisafishwe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini. Ikiwa kina karatasi yenye jina la mtengenezaji, isiloweshwe wala isibanduliwe, kwa maana ndiyo cheti chake.

Kisha itazamwe rangi. Jiwe la manjano lililoshikamana na bamba jeusi au la zambarau huenda likawa kotikule, kutoka milima ya Ardennes, Ubelgiji. Hunoa kwa chembe ndogo mno za garneti, na likisuguliwa kwa maji hutoa maji mazito meupe kama maziwa. Si ajabu kulikuta Bwera, kwani ng'ambo ya mpaka palikuwa Kongo ya Wabelgiji hadi mwaka 1960. Jiwe laini la kijani au buluu iliyofifia, lenye karatasi ya Escher, ni la Thuringia, Ujerumani. Nalo hutafutwa sana na wakusanyaji.

Vijiwe vidogo vya rangi moja, kama vile Swaty, ni kazi ya kiwanda, na vilitengenezwa kwa ajili ya wembe. Jiwe la kijivu au jeusi lenye chembe za kumetameta kwa kawaida ni karborandamu, iliyobuniwa na Edward Acheson wa Marekani mwaka 1891. Huko Kasese, mji uliofikiwa na reli mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, si ajabu kulikuta katika sanduku la fundi. Lile la chembe kubwa hufaa panga na jembe, wala halina bei kubwa.

Thamani hupimwa kwa aina, ukubwa, uzima na karatasi. Jiwe zima la inchi 8 kwa 2 hulishinda lililovunjika. Ili kugundua ufa, jiwe liloweshwe, kisha liachwe likauke: penye ufa hubaki mstari wa maji. Lililobonyea katikati laweza kusawazishwa, lakini kila kusawazisha hulipunguza unene.

Kotikule isipakwe mafuta, maji yatosha. Na wembe wa marehemu usizungushwe kwa wanaume wote wa nyumbani, kwani damu hubeba homa ya ini na Ukimwi.

Basi mjane asifanye haraka. Apime jiwe kwa rula, alipige picha pande zote, aulize bei kwa wanunuzi wawili au watatu, hata wa Kampala, ndipo aamue. Na kijana aelekezwe kwenye karborandamu: panga lina jiwe lake, na wembe una lake.