Kabla ya Pikiniki ya Alum Creek, Watoto Wajue Kuogelea

Kila kiangazi jumuiya yetu huenda Alum Creek. Vibanda hukodiwa mapema, mkaa huwashwa saa nne asubuhi, na ikifika adhuhuri moshi wa mishikaki umeshatanda, pilau imeshapakuliwa, kina mama wa Uvira na Bukavu wamefunua sombe, na vijana wanagombania nani awe golikipa. Kwa wengi wetu hapa Columbus hiyo ndiyo siku pekee katika mwaka ambayo mtu huwaona watu wake wote mahali pamoja bila kukutanishwa na msiba. Ni siku njema, na tunaomba iendelee. Toleo hili lina ombi moja la kuongeza: mwaka huu, kabla ya kwenda ziwani, tuwafundishe watoto wetu kuogelea.

Tuanze na mahali penyewe, maana wapo wageni waliofika mjini majira ya baridi na hawajawahi kupaona. Ohio ina hifadhi za jimbo zaidi ya 70, Alum Creek ikiwa mojawapo, na hakuna hata moja inayotoza kiingilio wala ada ya kuegesha gari. Ndugu zetu wa Indiana hulipa getini, na wa Michigan hulipia kibali cha mwaka pamoja na usajili wa gari. Hapa kwetu utalipia ukitaka kibanda chako kwa siku maalumu, ukitaka kupiga hema au kukodi boti. Kutembea msituni, kukaa ufukweni na kuingia majini ni bure, na anayelipa kodi jimboni humu ameshachangia. Mtu asijione mgeni pale. Asisubiri tena siku ya jumuiya nzima, kwa sababu Jumamosi yoyote ya kawaida, na mkeka, chapati na watoto wawili, inatosha.

Ziwa lenyewe limetengenezwa na watu. Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani kilijenga bwawa kwenye kijito cha Alum Creek, kazi ikakamilika mwaka 1974, ili kuzuia mafuriko na kuhifadhi maji ya matumizi ya miji. Bonde likajaa, na leo maji yamefunika ekari zaidi ya 3,300. Ufukwe wake wa mchanga una urefu wa karibu mita 900. Ukiacha fukwe za Ziwa Erie, hakuna ufukwe mwingine mrefu kiasi hicho katika hifadhi za jimbo hili. Asili hiyo ya bonde ni jambo la kukumbuka. Chini ya maji kuna miteremko, mashimo na visiki, na nje ya eneo lililotengwa kwa waogeleaji mtu anaweza kupiga hatua moja akiwa wima na ya pili asiguse kitu.

Wanaotokea Westerville hupita Africa Road, barabara iliyo upande wa mashariki wa ziwa, na mara nyingi watoto huuliza jina hilo limetoka wapi. Wajibiwe. Karne ya 19 palikuwa na kitongoji pale, na nyumba ya Samuel Patterson, mkulima aliyepinga utumwa, ilikuwa mojawapo ya vituo vya siri vilivyowapitisha watu waliotoroka utumwa wa majimbo ya Kusini wakielekea Kanada. Watoro walikifuata kijito hiki kwenda kaskazini, wakati mwingine wakitembea ndani ya maji yenyewe ili wawindaji wao wapoteze nyayo. Mwaka 1859 wakafika watu wapatao 30 walioachiwa huru kutoka North Carolina. Wakakaa katika nyumba za magogo na kufanya kazi kwa familia ya Patterson. Jirani mmoja aliyeunga mkono utumwa ndiye aliyepaita mahali hapo Africa, kwa dhihaka, na jina likakubaliwa na wenyeji. Kitongoji kimetoweka, barabara imebaki. Sisi tuliofika baada yao kwa ndege na kwa hati za ukimbizi tunapita juu ya njia yao kila tunapokwenda kuchoma nyama. Mtoto akisimuliwa haya akiwa amesimama palepale ukingoni, yatamkaa akilini kuliko akiyasoma darasani.

Lakini historia ya watu weusi na maji katika nchi hii ina upande mwingine, na huo ndio uliotufanya tuandike. Tarehe 27 Julai 1919, huko Chicago, kijana mweusi wa miaka 17 aitwaye Eugene Williams alikuwa akielea Ziwa Michigan. Akavuka mpaka ambao haukuandikwa popote, uliotenga maji ya weupe na ya weusi. Mzungu mmoja akawarushia mawe yeye na wenzake, Eugene akazama, akafa. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38. Kwa miongo mingi baada ya hapo, miji mingi iliwafungia watu weusi mabwawa ya umma ya kuogelea, na mahakama zilipoamuru yafunguliwe kwa wote, ipo miji iliyoona heri kuyafukia kuliko kuyatumia pamoja. Mzazi ambaye hakuruhusiwa kujifunza hakuwa na cha kumfundisha mwanawe, na mwanawe naye vivyo hivyo. Mwezi Mei 2024 kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba asilimia 15 ya watu wazima wa Marekani hawajui kuogelea. Kwa watu wazima weusi ni asilimia 37. Kwa watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi minne, wa rangi zote, hakuna kinachoua zaidi katika nchi hii kuliko kuzama.

Watoto wetu wamezaliwa au kuletwa ndani ya hesabu hiyo, ingawa sisi wazazi tulikuja na historia nyingine kabisa. Miongoni mwetu wapo baba waliokulia Kigoma, Kalemie na Rumonge, ambao walijua Ziwa Tanganyika kabla hawajajua kusoma. Wapo waliorukia Bahari ya Hindi kutoka ukuta wa forodhani, Lamu na Unguja. Wapo pia waliotoka bara kavu au kambini, ambako maji yalikuwa ya ndoo na ya foleni. Na wapo kina mama wa Mwanza na Bukoba ambao wakisikia neno ziwa huikumbuka tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Hofu ya mama kama huyo ina sababu, na hakuna mwenye haki ya kumcheka. Ila hofu hiyo peke yake haimwokoi mtoto, kwa sababu siku moja mtoto atakwenda majini na marafiki zake wa shule, na mama hatakuwepo.

Na wale mabingwa wa zamani, kwa heshima zote, nao wasijiamini mno. Aliyezoea bahari amezoea kubebwa na chumvi, lakini maji baridi ya ziwa hayamwinui mtu namna ile. Kisha kuna suala la ubaridi halisi. Mwezi Mei jua la Ohio huweza kuwaka kama la Dar es Salaam huku maji ya ziwa yakiwa bado na baridi kali. Mwili ukitumbukia ghafla humo, pumzi hukatika bila hiari, mtu hujikuta akivuta hewa kwa nguvu, na akiwa chini ya maji wakati huo atavuta maji. Hata muogeleaji hodari hufa hivyo.

Kiangazi kilichopita nilikaa ufukweni nikiwatazama watoto wetu. Walisimama kwa mstari, maji magotini, mikono wameikunja kifuani. Mita chache mbele yao watoto wengine wa rika lao walikuwa wakilala chali juu ya maji, wakizamia, wakiibuka. Binti mmoja wa miaka tisa hivi, nywele zimesukwa vizuri, alianza kuwafuata. Maji yakapanda mapajani, yakafika kiunoni. Mama yake akamwita kwa sauti kutoka kibandani, naye akarudi, akakaa kwenye mchanga na kuanza kuchimba kashimo. Mama alifanya sawasawa, kwani kwa mtoto asiyejua kuelea ile ilikuwa hatua ya mwisho iliyo salama. Lakini yule binti alibaki akiwaangalia wenzake karibu saa nzima, na hakuna aliyekuja kumwambia kwamba hata yeye anaweza.

Anaweza. Hatua ya kwanza si ngumu: mtoto hulazwa chali, mkono wa mwalimu chini ya mgongo, masikio yazame, kidevu kielekee juu, pumzi ijae kifuani. Mapafu yaliyojaa hewa huuinua mwili yenyewe. Wengi hukataa kulaza kichwa, na hapo ndipo miguu inapoanza kuzama. Akishakubali maji yafunike masikio, mwalimu huondoa mkono kidogo kidogo. Mtoto aliyejifunza kuelea hivi na kugeuka kutoka kifudifudi kuwa chali ameshapata muda wa kuita msaada, hata kama hajui mtindo wowote wa kuogelea.

Vikwazo tunavijua. Msuko uliolipiwa na kuchukua saa tano hautakiwi kuloweshwa, basi ziko kofia kubwa za kuogelea zinazomeza rasta nzima, na ratiba ya msusi inaweza kupangwa baada ya darasa. Kwa wanaotaka kujistiri, mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima yanapatikana madukani, na palipo na kundi la kutosha la wanawake inafaa kuomba saa yao peke yao na mwalimu mwanamke. Gharama nayo ipo, lakini YMCA hapa mjini hufundisha kuogelea katika mabwawa ya ndani na huwapunguzia ada familia zenye kipato kidogo zinazojaza fomu. Fomu hizo ni za Kiingereza, na hapo ndipo vijana wetu wa chuo wanaweza kusaidia.

Kuhusu pesa tuseme waziwazi. Jumuiya hii haijawahi kushindwa kusafirisha maiti kwenda nyumbani. Ujumbe wa msiba ukitoka usiku, asubuhi michango imeshaanza kuingia, na hilo ni jambo la kujivunia. Tunapendekeza mfuko huohuo utenge sehemu yake kwa ajili ya masomo ya kuogelea ya watoto, waanze wale ambao wazazi wao ndio kwanza wamefika. Najua wapo watakaosema mfuko ni wa shida. Mimi nasema mtoto asiyejua kuogelea, anayeishi dakika chache kutoka ziwa lisilo na geti, tayari yuko kwenye shida.

Siku yenyewe ya pikiniki nayo inahitaji utaratibu. Kama ilivyo zamu ya jikoni, iwepo zamu ya maji: mtu mzima mmoja anayejua kuogelea, simu mfukoni, macho kwa watoto na si kwenye mazungumzo, apokelewe kila robo saa. Hata pakiwa na mlinzi wa ufukwe, zamu hiyo ibaki. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono kama kwenye sinema. Mdomo uko usawa wa maji, kichwa kimelala nyuma, na yuko kimya. Yale maboya ya mkononi ya kupuliza ni ya kuchezea tu. Kwenye boti au kayaki mtoto avae jaketi okozi linalomtosha, na sheria ya Ohio inamlazimisha kila aliye chini ya miaka 10 kulivaa katika chombo chenye urefu usiofika futi 18. Mvua kubwa ikinyesha jana yake, soma ubao wa ufukweni kabla ya kuingia, kwa sababu maji yanayotiririka kutoka mashambani na mijini huleta vijidudu, na wakati wa joto mwani wenye sumu nao unaweza kutokea. Pombe hairuhusiwi hifadhini. Kuni zisibebwe kutoka mbali, maana ndani yake hujificha wadudu walioangamiza miti mingi ya jimbo hili.

Wavuvi wetu wajue kwamba kuanzia miaka 16 leseni ni lazima hata kwa mshipi na ndoano moja, na kwamba jimbo linashauri samaki wengi wa maji yake waliwe mlo mmoja tu kwa wiki kwa sababu ya zebaki. Wajawazito na watoto walizingatie hilo zaidi.

Masomo ya kuogelea huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo mtoto atakayeandikishwa Juni atakuwa amechelewa kwa pikiniki ya Julai. Wazazi waandikishe majina sasa, pamoja na umri wa mtoto na siku ambazo hayuko madrasa au kanisani. Kina mama wanaotaka darasa lao waandike pembeni. Bila gari ni vigumu kufika bwawani na hata ziwani, kwa hiyo wenye magari ya viti saba wanaoweza kuchukua watoto wa jirani Jumamosi asubuhi wamwone katibu Jumapili hii baada ya mkutano.