NG'OMBE WANAKUFA NOVEMBA, KIFO KINAANZA AGOSTI

Ndugu wanaushirika,

Kila mwaka mvua za kwanza zikinyesha na upepo ukivuma usiku kucha, asubuhi tunakuta ng'ombe wamelala zizini, hawainuki. Tunasema, "Baridi imewaua." Wengine wanatafuta mchawi. Siye tunasema hapana. Mvua imemalizia tu. Kifo kilianza Agosti, malisho yalipokwisha.

Mwili wa ng'ombe una ghala. Majani yakiwa mengi anaweka mafuta chini ya ngozi, kwenye figo, kwenye moyo na ndani ya mifupa. Kiangazi kikikaza anakula akiba ile. Mafuta ya chini ya ngozi hutangulia kwisha, ya ndani ya mifupa huwa ya mwisho, na nyama nayo inaliwa njiani. Ndiyo maana nundu inalala na mbavu zinahesabika. Waulizeni wachinjaji: ng'ombe aliyekonda kwa njaa, ukivunja mfupa wake, uboho si mafuta tena, ni majimaji. Ghala limefagiwa.

Sasa mvua inakuja. Manyoya yakilowa, joto linatoka mwilini haraka, na mwili unataka chakula zaidi ili ujipashe moto. Mnene anachoma mafuta yake. Aliyekonda hana kuni.

Wala tusidanganywe na tumbo lililojaa. Mabua makavu peke yake hayawalishi vya kutosha wale vijidudu wa tumboni wanaomsaidia ng'ombe kusaga majani. Anashiba, na huku anakonda.

Wazee wetu wa Usukuma walilijua hili, wakaweka ngitili. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986 na kumalizika 2004, uliwasaidia wananchi kuzirudisha. Hapa kwetu ngitili tunayo, lakini Juni haijaisha watu wameshaingiza mifugo usiku. Na sisi viongozi tumo. Tunajikosoa hadharani.

Kwa hiyo tunapendekeza kwenye mkutano ujao:

1. Ngitili ifungwe tangu mvua zianze mpaka kiangazi kikaze, na faini isichague mtu.
2. Madume na ng'ombe wazee wapelekwe mnadani Mei na Juni, wangali na mafuta.
3. Ushirika ununue mashudu ya pamba kwa pamoja, kwa ajili ya majike wenye mimba na maksai wa kulima.
4. Ndama walale pakavu, penye paa, na wanyonye dang'a mara wanapozaliwa. Ndama mchanga ana akiba ndogo sana, usiku mmoja wa mvua unamtosha.

Mtu atasema, "Kupunguza ng'ombe ni kupunguza heshima." Tunamjibu: ng'ombe aliyeuzwa Juni ni karo ya shule na bati la nyumba. Aliyekufa Novemba ni ngozi tu, na maksai akifa Novemba, jembe la mkono linakungoja.

Njooni mkutanoni, tuamue wote.

Elimu haina mwisho. Ushirika ni nguvu.

Katibu wa Tawi