Mwanafunzi wa Simu Asiachwe Peke Yake



Wapo kati yetu, hapa Kikagate, Nakivale na Mbarara, wazazi wanaojinyima ili kulipa karo ya mtoto wa kwanza katika ukoo kuingia chuo kikuu. Mtoto yuko mwaka wa kwanza, lakini baadhi ya masomo anayapata nyumbani kwa simu. Majirani wanamwona ameinamia simu mchana kutwa, wanamwita mvivu. Mzazi naye anaita: weka hiyo simu, twende shambani! Muhula ukiisha mtoto ameshindwa mitihani, na lawama zote anabebeshwa yeye.

Mimi nasema lawama hizo si zake peke yake.

Tukumbuke. Machi 2020 serikali ilifunga shule na vyuo kwa sababu ya korona, na shule zote hazikufunguliwa mpaka Januari 2022. Vyuo vikuu vikahamishia masomo kwenye intaneti, na mengine yamebaki huko. Kijana anatoka sekondari, alikozoea kengele na mwalimu wa kumfuata. Sasa hakuna kengele. Akikosa somo moja hakuna anayemwona. Akikosa matatu anaona haya kuuliza, ananyamaza, basi ameanguka.

Mimi niliishia darasa la saba. Lakini kazi ya chama imenifundisha kwamba mtu aliye peke yake hushindwa na mambo madogo. Jirani zetu ng'ambo ya mto Kagera walilijua hili zamani. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio. Watu hawakuachwa kila mmoja na redio yake. Walikaa vikundi, kila kikundi na kiongozi aliyefundishwa, wakasikiliza, wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo. Walishiriki watu wapatao milioni 2. Kilichofanya kazi ni redio pamoja na kikundi.

Basi tufanye hivi. Kila tawi litenge chumba kimoja jioni, chenye taa na umeme wa kuchaji simu. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakutane hapo, wanne au watano, kwa saa maalumu, hata kama vyuo vyao ni mbalimbali. Anayefika mjini kwenye mtandao mzuri apakue masomo, wenzake wayapate bila kununua bando. Mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu awaongoze. Anayeachwa nyuma amwandikie mhadhiri wake wiki ile ile, asingoje mtihani. Na sisi wazazi, saa ya somo iheshimiwe kama zamu ya kiwandani.

Kwa wakubwa pia tuna neno. Tangu Julai 2021 bando la intaneti linatozwa kodi ya asilimia 12. Sheria inasamehe huduma za elimu, lakini kijana anaponunua bando dukani, nani anamuuliza kama ni la kusomea? Na bwawa la Kikagate, tunalogawana na Tanzania, lina megawati 14. Mtoto wa kibarua anayeishi karibu na bwawa hilo asikose umeme wa kuchaji simu yake. Madai haya tuyapeleke kwa waajiri na kwa wabunge wetu.

Mkutano ujao wa tawi, katibu aulize: nani ana mtoto mwaka wa kwanza? Tuinue mikono, tuanze na hao.

Umoja ni nguvu.

Mwandalizi wa chama, Kikagate